Hundi ya Tarehe Mosi

Phoenix, 12 Agosti 2019

Mama,

Jana kwenye simu nilikuuliza habari ya kodi ya Twyla, ukanijibu kwamba umeshakula. Basi naandika, maana barua haihitaji kupigiwa kelele.

Nataka tuachane na hundi. Tawi la benki pale kona limefungwa, unajua mwenyewe. Sasa kila mwezi itabidi upande basi mpaka kule kwenye maduka makubwa na kikaratasi chako mkobani, na Novemba ikiingia njia nzima ni barafu. Utateleza uvunjike nyonga, na mimi huku jangwani nitaambiwa na nani? Kuna njia ya kulipa kwa simu. Twyla anabonyeza huko juu ghorofani kwake, pesa zinaingia kwenye akaunti yako, na hakuna aliyevaa hata viatu. Mama wa rafiki yangu hapa aliibiwa hundi kwenye sanduku la barua, wezi wakafuta jina kwa dawa wakaandika lao. Dunia imebadilika.

Na kuna jambo jingine. Tangu Baba afariki mimi ndiye ninayekujazia karatasi za serikali, kwa hiyo huwa naingia kwenye akaunti yako, na benki inaweka picha ya kila hundi. Nimezisoma. Pale chini kushoto, mahali pa kuandika malipo ni ya nini, watu wenye akili zao huandika "kodi" wakanyamaza. Huyu mpangaji wako anaandika: "Kodi, na asante kwa somo la pierogi." Mwezi mwingine: "Kodi ya nyumba yenye mpishi chini yake." Mwezi uliopita: "Kwa Bi Delphine, mshindi wa karata asiye na huruma."

Mama, mimi ni mwanao wa pekee na nina miaka hamsini na moja. Pierogi za kwetu, za unga na viazi ndani, mimi sijafundishwa kukunja. Nilipoomba uliniambia jiko ni dogo.

Nijibu kuhusu hundi. Hilo la pierogi si lazima ulijibu.

Marcia


Milwaukee, 18 Agosti

Marcia mwanangu,

Nitaanza na la pierogi, kwa sababu najua ndilo lililokuandikisha barua. Ulipoomba ulikuwa na miaka kumi na tano, na ulitaka kujifunza huku umebana simu shingoni. Jiko lilikuwa dogo kwa watu watatu: mimi, wewe, na huyo kijana uliyekuwa unacheka naye.

Hundi zinabaki. Mimi ni mtu mzima, sitishiwi nyau. Na basi sipandi, Twyla hunipeleka benki kwa gari lake, tukirudi tunapitia duka la nyama.

Nikueleze maana inaonekana jua la huko limekukausha kumbukumbu. Tarehe mosi Twyla anashuka akitoka kazini kwa yule daktari wa meno. Anabisha, ingawa mlango nimeuacha wazi makusudi. Anasema, "Nimeleta hundi tu, sikai." Nasema, "Sawa, hukai, lakini hii kahawa itamwagwa, afadhali uimalizie." Anavua viatu. Anasema nusu kikombe tu. Anakunywa viwili, na karata zinatoka. Ndivyo tunavyoishi huku, umesahau? Mtu hapandi wala kushuka ngazi za mwenzake mikono mitupu eti amekuja kukaa. Watadhani amefiwa. Lazima uwe na shughuli: umekuja kurudisha bakuli, umekuja kuazima koleo la theluji. Yeye shughuli yake ni hundi. Nikimwondolea, ataniambia amekuja kufanya nini?

Kula mboga. Huko mnakula nini, miiba ya cactus?

Mama


Phoenix, 25 Agosti

Mama,

Barua nzima Twyla, Twyla, Twyla, mpaka nikafikiri ni jina la mtakatifu ambaye kanisa limesahau kututangazia.

Haya, anakupeleka benki. Haya, anakunywa kahawa. Na kodi yake hujampandishia tangu Baba yu hai, hilo umelisahau kwenye hadithi yako tamu. Ningekuwa mimi ninakaa ghorofa nzima kwa bei ile ningekunywa kahawa yako hata ikiwa ya juzi. Ningejifanya sijui karata ili ushinde. Mama, huyo mwanamke anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na wewe unajipangusa uso ukidhani umelainika.

Unasema bila hundi hatakuwa na sababu ya kuja. Umejisikia ulivyosema? Maana yake anafuata hundi, hakufuati wewe. Mtu anayekupenda hahitaji kikaratasi mkononi.

Basi tujaribu. Tuondoe hundi tuone kama atashuka. Akishuka, mimi Marcia Kubacki nitamwandikia barua ya kumwomba radhi na sitagusa jina lake tena. Asiposhuka, utajua miaka yote hii ulikuwa unapendwa au ulikuwa unabembelezwa usipandishe kodi.

Au unaogopa jibu?

Marcia


Milwaukee, 3 Septemba

Marcia,

Umenichoma, na ulijua pa kuchoma. Hilo nalo umelirithi kwa baba yako.

Juzi alikuja na hundi yake. Pale chini ameandika, "Kodi, na kisasi kinakuja," kwa sababu ya karata za mwezi uliopita. Badala ya kucheka nikamtazama anavyokunywa, nikajikuta najiuliza huyu anafuata nini kwangu. Sijawahi kumtazama hivyo. Akaniuliza, "Bi Delphine, unaumwa?" Nikasema ni meno. Akataka kunipangia siku kwa daktari wake. Nikaona aibu, kisha nikaona hasira, sijui kwa nani.

Haya, tujaribu. Mambo ya simu siyajui, mwandikie wewe. Lakini mwandikie kwa adabu. Na usimwambie kuwa ni jaribio.

Mama


Phoenix, 9 Septemba

Bi Twyla Ostby,

Ninakuandikia kwa niaba ya mama yangu, Bi Delphine Kubacki, mwenye nyumba unayokaa.

Kuanzia tarehe 1 Oktoba kodi italipwa kwa simu. Maelezo ya namna ya kulipa nimeyaambatanisha. Hundi hazitapokelewa tena.

Ningependa pia kukujulisha jambo ambalo Mama kwa adabu yake hawezi kukwambia. Amefikia umri ambao kupokea watu mlangoni kila mwezi na kuwakalisha ni usumbufu kwake. Amechoka. Tafadhali mwachie nafasi apumzike. Mambo yote ya nyumba, hata bomba likivuja, niandikie mimi.

Nakuomba usilizungumze hili naye, litamwaibisha.

Marcia Kubacki


Milwaukee, 14 Septemba

Dada Marcia,

Barua yako imefika. Nitalipa kwa simu, haina shida.

Sikujua kwamba namsumbua. Miaka tisa ni mingi ya kumsumbua mtu bila kujua. Ningemwomba radhi mwenyewe, lakini umesema nisilizungumze naye, basi niombee radhi kwake.

Bomba la bafuni linavuja kidogo. Si sana. Linaweza kungoja.

Twyla


Milwaukee, 2 Oktoba

Marcia,

Hakushuka.

Nilitengeneza yale maandazi yenye jemu ndani, ambayo huwa natengeneza kabla ya Kwaresima tu. Nikajiambia, hana hundi, basi harufu itamwita. Mlango nikauacha wazi mpaka miguu ikapata baridi. Nikamsikia anaingia kutoka kazini, nikamsikia juu anatembea jikoni kwake, polepole, kama anayeiba. Baadaye akashuka na takataka kwa ngazi za nyuma. Zile za mbele zinapita mlangoni kwangu, na miaka yote anazitumia hizo. Jana alizunguka.

Kwa hiyo umeshinda. Andazi moja nililila, yaliyobaki nimepeleka parokiani, wakaniuliza ni sikukuu gani.

Jumapili hii usinipigie. Sitaki kupongezana.

Mama


Phoenix, 8 Oktoba

Mama wangu,

Naumia pamoja nawe. Nakuapia nilitamani niwe nimekosea. Lakini ni heri kujua, sivyo? Moyo wa mtu ni msitu, na wewe ulikuwa unatembea humo na birika la kahawa.

Sasa nisikilize. Nitapiga simu Jumapili na Jumatano. Krismasi nakuja siku nne, na nimeona nyumba nzuri hapa karibu na kwangu, za watu wazima, hazina ngazi hata moja, wana bwawa na muziki Ijumaa. Tutazungumza. Unaye mwanao, Mama. Siku zote ulikuwa naye. Damu ni nzito kuliko maji, na nzito zaidi kuliko kahawa.

Nakupenda,

Marcia


Milwaukee, 21 Oktoba

Dada Marcia,

Ulisema mambo yote niandikie wewe. Hili si bomba.

Mama yako anatakiwa kurudi kliniki tarehe 14 Novemba kupigwa picha ya kifua. Aprili walimtoa uvimbe kwenye titi la kushoto. Haukuwa saratani, lakini walisema baada ya miezi michache lazima waangalie tena. Safari ile nilimpeleka mimi, nikalala kwake siku mbili kwa sababu hakuweza kuinua mkono. Alinifunga mdomo nisikwambie, na sikukwambia.

Sasa sitakiwi kumsumbua, na yeye hawezi kwenda peke yake, tena namjua, asipopelekwa atasema amesahau. Nimeona kati ya kuvunja ahadi na kumwacha akose, bora nivunje. Karatasi ya kliniki ameibandika kwenye jokofu, nyuma ya kalenda ya parokia.

Samahani kwa kukushtua.

Twyla


Phoenix, 26 Oktoba

Mama,

Uvimbe.

Nimekaa na hilo neno tangu barua ya huyo mwanamke ifike, na bado sijui nilishike wapi. Mwezi wa nne! Nilikupigia kila Jumapili ya mwezi wa nne. Ukaniambia theluji imeyeyuka. Ukaniambia jirani amenunua mbwa na mbwa hana adabu. Ulikuwa na bandeji kifuani, Mama, na ukanipa habari za mbwa!

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini wewe hukuyaficha, hilo ndilo linaloniua. Ulimwambia yeye. Mimi niliyetoka tumboni mwako, habari za titi lililoninyonyesha napewa na mpangaji! Alilala kwako. Alikuvua nguo na kukuvisha. Mimi nilikuwa hapa nacheka habari za mbwa kama mjinga.

Ana nini? Niambie tu. Si mrembo, nimeona picha yake. Hana elimu ya kutisha. Hakujui ulivyokuwa kijana, hakumjua Baba akiwa na nywele. Ana nini ambacho mimi sina? Na usinifanye mimi mbaya. Nilimwandikia waziwazi kwamba unasumbuka, kwamba umechoka naye na akuache upumzike, na bado anajipenyeza na habari za kliniki ili aonekane malaika! Mtu akiambiwa anasumbua si akae kwake?

Nitakuja tarehe 14 nikupeleke mwenyewe. Sema tu ndiyo.

Marcia


Milwaukee, 31 Oktoba (chini ya mlango)

Twyla,

Nakuandikia kikaratasi na kukisukuma chini ya mlango kama mwanafunzi, kwa sababu nimepanda ngazi zote mpaka hapa juu nikashindwa kubisha. Sina bakuli la kurudisha wala koleo la kuazima.

Leo ndiyo nimejua Marcia alikuandikia nini. Mimi sikusema hayo. Sijawahi kusema, sijawahi kufikiri, wala sijachoka. Kosa langu ni moja, nilikubali tuondoe hundi ili nione kama utakuja bila hundi. Ulipozunguka ngazi za nyuma na takataka zako nikasema basi, hanitaki. Kumbe nawe ulikuwa unasema hivyo hivyo juu ya kichwa changu.

Wanawake wawili watu wazima, nyumba moja. Nimecheka, halafu sikucheka tena.

Kesho ni tarehe mosi. Mlango utakuwa wazi.

Delphine


Milwaukee, 1 Novemba (chini ya mlango)

Bi Delphine,

Kikaratasi chako nimekikanyaga nikitoka, nikakisoma nimesimama na koti, nikachelewa kazini. Nilimwambia daktari naumwa jino. Kwa daktari wa meno hiyo si sababu nzuri, alitaka kulitazama.

Nitashuka jioni. Lakini nataka ujue kabla hujaweka kahawa, ili usiweke kwa furaha halafu nikuharibie. Wiki iliyopita nilisaini mkataba wa nyumba nyingine, kule Waukesha, karibu na dada yangu. Nahama mwisho wa Desemba. Sikuweza kuendelea kunyata juu ya mtu ili asinisikie kuwa nipo.

Kama ungeandika wiki moja kabla! Au kama ningekuwa na ujasiri wa kubisha. Ni sisi wenyewe.

Tarehe 14 nitakupeleka.

Twyla


Milwaukee, 4 Novemba

Marcia,

Usije tarehe 14. Nina mtu wa kunipeleka, bado.

Ulimwambia namwona usumbufu. Ulitumia jina langu. Nilikuomba umwandikie kwa adabu, ukaandika kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomtoa. Anahama. Wivu ni kidonda, mwanangu, lakini chako wewe umekuja kukifunua kwenye mwili wangu.

Unauliza ana nini. Nitakujibu, maana umeuliza kwa uchungu na mimi ni mama yako. Hana kitu. Ndiyo maana. Wewe ukija unakuja na mpango. Ningekwambia uvimbe, ungeshuka uwanja wa ndege siku ile ile, ungegombana na daktari, ungehesabu ngazi zangu, na kabla nyuzi hazijatolewa ningekuwa Phoenix kando ya bwawa nasikiliza muziki wa Ijumaa. Ungefanya yote hayo kwa mapenzi, najua. Twyla alikaa chumba cha kusubiri akasoma jarida la uvuvi la mwaka juzi. Nilipotoka aliniuliza, "Unataka supu au unataka kulia?" Nikasema supu. Akanipeleka kwenye supu.

Nilikuficha kwa sababu nilikuogopa. Sikupenda kuliandika hilo.

Mama


Phoenix, 10 Novemba

Twyla,

Hii siandiki kwa niaba ya mtu.

Nilidanganya. Mama hakusema anasumbuka. Nilikaa hapa mezani nikatafuta neno ambalo mtu mwenye heshima zake hawezi kulipita, nikaona "usumbufu" litatosha, na likatosha. Nilikuonea wivu. Nilisoma vile vijineno vyako kwenye hundi mwezi baada ya mwezi, nikaona kuna nyumba watu wanacheka humo, na ni ya mama yangu, na mimi simo. Alipoandika kwamba hukushuka, nilimjibu naumia pamoja naye. Uongo. Nilifurahi. Siku hiyo nilijinunulia maua.

Baki. Nakuomba. Lipa kwa hundi, lipa kwa senti, andika unachotaka pale chini, sitafungua tena hizo picha. Kodi nitamwambia asipandishe maisha yako yote. Nimemtenda vibaya, na sina njia ya kumrudishia ila wewe ukubali.

Marcia


Milwaukee, 17 Novemba

Dada Marcia,

Asante kwa kusema. Najua si rahisi, watu wa kwenu wanapenda kufa na jambo tumboni, nimekaa nao miaka tisa.

Lakini sibaki. Si hasira. Tangu tarehe mosi nimeshuka mara mbili, na mara zote mbili nilipokuwa naweka sukari nilijikuta namchungulia usoni kuona kama kweli anataka niwepo. Naye alikuwa ananichungulia mimi. Tulikuwa na adabu sana. Maji yakimwagika hayazoleki, hata aliyeyamwaga akileta ndoo.

Nikwambie jambo, kwa kuwa tunasemezana ukweli. Mimi ndiye niliyekuonea wivu. Unadhani tarehe mosi tulikuwa tunazungumza nini? Wewe. Najua jino lako la kwanza lilitokea wapi, najua ulivyoanguka kwenye mto ulioganda ukatoka na samaki kwenye kiatu. Najua umepandishwa cheo kabla ya wenzako kazini. Simu yako ya Jumapili naisikia upya, neno kwa neno, na pale alipokosa kusikia anajaza mwenyewe, na anakujaza vizuri. Mama yangu mimi alifariki bila kujua nafanya kazi wapi. Nilikuwa nakunywa kahawa ya pili huku nasema moyoni, huyo Marcia ana bahati na hajui.

Kliniki tulikwenda Alhamisi. Majibu sijui. Nilimwambia safari hii asinipe mimi kwanza.

Twyla


Milwaukee, 2 Desemba

Marcia,

Picha ni safi. Hakuna kitu. Twyla hajui bado, jirani mwenye mbwa hajui, padri hajui. Wewe ndiye wa kwanza. Sina mazoea ya kuandika hivi kwa hiyo sijui niongeze nini.

Jana alileta kodi ya mwisho. Kwa hundi, mkononi. Nikamwambia hundi hazipokelewi hapa, kuna amri kutoka Phoenix. Tukacheka kidogo. Pale chini ameandika "Kodi" tu.

Asante kwa ile barua uliyompelekea, amenionyesha. Ile ya maua ilinichekesha, Mungu anisamehe. Hujawahi kuwa mkweli hivyo tangu uzaliwe.

Krismasi usije. Anafungasha, na nataka siku hizi nizimalize naye bila mtu mwingine mezani. Nisamehe, najua inakuuma. Acha iume.

Mama


Milwaukee, 2 Januari 2020

Marcia mwanangu,

Ameondoka Jumamosi. Shemeji yake alikuja na gari kubwa, wakabeba wakamaliza kabla ya chakula cha mchana. Vitu vyake ni vichache kuliko nilivyodhani nilipokuwa navisikia. Alinikumbatia kwenye ngazi za mbele. Alisema atakuja kunitembelea, nami nikasema karibu, na sote tunajua Waukesha si mbali na hatakuja, maana atasema amekuja kufanya nini?

Jana tarehe mosi niliweka birika zima la kahawa kwa mazoea. Nimeinywa mwenyewe mpaka moyo ukaenda mbio.

Umeniuliza kuhusu mpangaji mpya. Mchague wewe. Alipe kwa simu, alipe kwa hundi, alipe kwa posta ya farasi, mimi sina tena maoni. Nilipigania zile karatasi kana kwamba ndizo zilizomleta.

Ulitaka mahali pake, Marcia. Pako wazi sasa, na hakuna unayegombania naye. Tarehe mosi Februari ni Jumamosi. Usiniletee picha za nyumba zisizo na ngazi. Sitaki ukae siku nne. Kaa alasiri moja.

Mama


Phoenix, 7 Januari

Mama,

Nimekata tiketi. Nafika asubuhi ya tarehe mosi, naondoka kesho yake, nitalala hotelini ili usinione nahesabu ngazi.

Lakini naogopa, na nakwambia sasa nisije nikafika mlangoni nikaanza kutengeneza kitasa. Sijui kukaa nawe. Nimejaribu kujiona mezani kwako, kikombe mbele yangu, na sina la kusema. Twyla aliniambia kwamba saa zote zile mlikuwa mnazungumza habari zangu. Sasa nikija mimi mwenyewe, tutazungumza habari za nani?

Marcia


Milwaukee, 12 Januari

Marcia mwanangu,

Za Twyla. Na utavumilia.

Mama